Maji, Shule na Lugha Mjini Kisangani: Mpango wa Mji na Kumbukumbu za Utengano

Makala haya yanaeleza uhusiano usioonekana kwa urahisi: uhusiano uliopo kati ya mipango ya maji ya mji wa Kisangani na kumbukumbu za wakazi wake juu ya shule zilizotenganishwa kwa rangi wakati wa utawala wa Kibelgiji. Kwa kawaida mambo haya mawili huwa mikononi mwa wataalamu wasioonana. Mhandisi hushika ramani ya mabomba, naye mwanahistoria hushika ushuhuda wa wazee. Mwanaisimu, ambaye hana bomba wala hifadhi ya nyaraka, anayo sababu yake ya kuingilia kati. Mstari uliogawa maji na mstari uliogawa shule ulikuwa mmoja, na shule hizo ndizo zilizoamua ni nani atakayeijua lugha ambayo mipango ya maji huandikwa hata leo.

Mji uliozungukwa na maji

Kisangani upo pale ambapo mto Kongo humaliza maporomoko ya Boyoma, yaani maporomoko 7 yanayofuatana kwa takriban kilomita 100 kuanzia Ubundu. Katika poromoko la mwisho wapo Wagenia, wavuvi mashuhuri kwa majukwaa yao ya miti na matenga makubwa yanayoshushwa ndani ya maji yaendayo kasi. Kaskazini unapita mto Tshopo, uliolipa jina jimbo lililozaliwa mwaka 2015 baada ya Jimbo la Mashariki kugawanywa. Jina lenyewe la Kisangani hufafanuliwa kwa kawaida kuwa ni sawa na 'kisiwani'. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na jumla yake kwa mwaka huzidi milimita 1,600.

Msomaji wa Dodoma au wa Turkana ana haki ya kuuliza mji wa namna hii unahitaji mpango gani wa maji. Jibu ni kwamba wingi wa maji si sawa na maji ya kunywa. Maji ya mto wa msituni hubeba udongo na rangi ya majani yaliyooza. Ili yafae, hutiwa salfati ya aluminiamu ili uchafu ugandamane na kutuama, kisha huchujwa kwa mchanga, halafu hutiwa klorini. Baada ya hapo husukumwa kwa pampu hadi mitaani, na pampu zinahitaji umeme. Umeme wa Kisangani hutoka katika bwawa la mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, lenye mitambo 3 na uwezo wa takriban megawati 19 mitambo yote inapofanya kazi. Kwa hiyo mtambo mmoja ukiharibika, taa na maji hupungua kwa pamoja.

Asiye na maji ya Regideso, kama inavyoitwa idara ya maji na kama yanavyoitwa pia maji yenyewe, huteremka bondeni kwenye chemchemi. Hapa ndipo penye hatari. Nyumba na vyoo vya shimo vipo juu ya mteremko, chemchemi ipo chini, na mvua ya ikweta hushusha kila kitu. Maji yanayotoka huweza kuwa meupe kabisa, na weupe huo humdanganya mchotaji. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka katika eneo la Kisangani, kikashuka na mto pamoja na maboti na abiria mpaka Mbandaka na Kinshasa.

Mji una komini 6: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano zipo ukingo wa kulia wa mto. Lubunga ipo peke yake ukingo wa kushoto, mahali inapoanzia reli ya kwenda Ubundu, na hakuna daraja juu ya mto Kongo kuiunganisha na nyinginezo. Mtu huvuka kwa mtumbwi au kwa kivuko. Bomba haliwezi kufuata daraja lisilokuwapo, wala umeme wa Tshopo hauwezi kufika bila kuvushwa mto. Kwa sababu hiyo mpango wowote wa maji wa Lubunga ni kama mpango wa mji mwingine.

Mstari mmoja

Mji huo uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Kongo ya Kibelgiji, makao ya Wazungu yalitengwa na makao ya Waafrika. Ya kwanza yaliitwa 'ville', ya pili 'cité'. Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa ya kiafya: ilidaiwa kwamba mbu wa malaria huruka umbali fulani tu, kwa hiyo uwanja mtupu uwekwe kati ya Mzungu na majirani zake. Mwafrika aliingia upande wa pili asubuhi kufanya kazi, na usiku alihitaji kibali ili awepo huko. Makao ya Waafrika wa Stanleyville yalipewa majina ya ugenini kabisa, Belge na Bruxelles. Valdo Pons, aliyefanya utafiti hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, aliuchunguza kwa makini mtaa mmoja tu wa huko, na kitabu hicho bado ndicho dirisha bora la kuyatazamia maisha ya wakati ule.

Regideso iliundwa mwishoni mwa mwaka 1939. Mpango wa Miaka Kumi wa mwaka 1949 uliongeza fedha za maji, umeme, nyumba na shule. Si haki kusema kwamba hapakufanyika kitu: mengi ya yale yanayotumika mpaka leo yalijengwa katika miaka hiyo 10. La kuzingatiwa ni namna kazi ilivyogawanywa. Upande wa 'ville' maji yaliingia nyumbani, jikoni na bafuni. Upande wa 'cité' mpango ulihesabu bomba la hadhara la mtaa, la kupangiwa foleni. Kipenyo cha bomba lililozikwa ardhini hutegemea idadi ya watu waliokusudiwa. Bomba jembamba lililowekwa kwa ajili ya foleni haliwezi kugeuzwa kwa amri ya serikali likalisha maelfu ya nyumba, lazima lifukuliwe. Ndiyo maana uamuzi wa kibaguzi uliofanywa katika miaka ya 1950 unaweza kuendelea kufanya kazi miaka 70 baadaye, bila mbaguzi yeyote kuwapo.

Shule na lugha zake

Shule zilifuata mgawanyo uleule. Tangu mkataba wa mwaka 1906 baina ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani, elimu ya Waafrika iliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Watoto wa Wazungu walisoma kwa utaratibu wa Ubelgiji, ili mtoto akirudi Brussels au Liège aendelee na darasa lake pasipo kupotewa na mwaka. Watoto wa Kiafrika walikuwa na utaratibu wao, na vyeti vyao havikulingana na vile vya kwanza.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa msomaji wa taarifa hii, ni ile ya lugha. Mtoto wa Kizungu alianza na Kifaransa. Mtoto wa Kiafrika alianza na lugha ya Kiafrika, na huko Stanleyville hilo lilimaanisha Kiswahili au Lingala, kwa kuwa mji upo mahali ambapo lugha hizo hukutana: Lingala ikipanda na maboti na askari kutoka magharibi, Kiswahili kikiingia na njia za mashariki tangu siku za Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa eneo hilo la maporomoko. Kiswahili hicho kiliitwa Kingwana, na wamisionari walikiandikia vitabu. Mwaka 1928 John Whitehead na mkewe walichapa mwongozo wa Kingwana huko Wayika, kwenye mto uo huo upande wa juu.

Je, kufundishwa kwa lugha ya nyumbani ni ubaguzi? Wanaisimu wengi leo wangesema ni neema, nao wana haki. Lakini lugha hupata thamani yake kutokana na mlango inaoufungua. Mageuzi ya mwaka 1948 yaliwagawa wanafunzi wa Kiafrika baada ya miaka 2 ya mwanzo. Wengi walipelekwa kwenye daraja la kawaida la miaka 3, ambalo liliishia hapo. Wachache walioteuliwa walipelekwa kwenye daraja la miaka 4, wakapata Kifaransa cha kutosha kuendelea na sekondari. Kwa walio wengi, basi, Kiswahili kilikuwa lugha ya shule inayokwisha. Kosa halikuwa la Kiswahili, bali la ngazi iliyokatwa juu yake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mlango wa shule za Wazungu ulifunguliwa kidogo, kwanza kwa watoto wa mchanganyiko, kisha kwa watoto wachache wa Waafrika walioitwa 'évolués', yaani wastaarabika. Hapa maji na shule hukutana uso kwa uso. Mtoto hakupimwa akili tu. Afya yake, usafi wake na mazingira ya nyumbani kwao vilichunguzwa pia. Uchunguzi kama huo wa nyumba ulifanywa kwa wazazi walioomba kadi ya sifa ya kiraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, au hadhi ya 'immatriculation', iliyotengenezwa upya mwaka 1952. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, alikataliwa hadhi hiyo mara ya kwanza, akaipata mwaka 1954. Tazama jinsi hukumu ilivyozunguka: nyumba haikupewa maji kwa sababu ipo upande wa 'cité', kisha mtoto wa nyumba hiyo akapimwa kwa kipimo cha usafi wa watu wenye bafu.

Waziri Auguste Buisseret, aliyeshika wizara ya makoloni kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, alianzisha shule za serikali zisizo za kidini na kupanua nafasi za kuchanganya watoto. Mabadiliko yalikuja, lakini kwa kuchelewa mno. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakuzidi 30.

Baada ya mstari kufutwa

Rangi iliondolewa katika sheria, lakini 'ville' na 'cité' zilibaki katika midomo ya watu. Mkazi wa Mangobo huweza kusema kwamba anakwenda 'ville' ingawa yupo ndani ya mji kwa maana zote za kiutawala. Jambo hili si geni kwa Waswahili wengine: Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya shule kwa rangi tatu hadi ilipounganishwa mwanzoni mwa mwaka 1962. Tofauti ni kwamba pwani majina hayo yaliwataja watu, ilhali Kisangani yanataja aina ya mahali. Pengine ndiyo sababu yamedumu. Aliyekaa 'ville' anaweza kuondoka, kama Wazungu walivyoondoka baada ya vita vya mwaka 1964, na mahali pakabaki na jina lake, na mabomba yake.

Mgawanyo wa fedha ulishika nafasi ya mgawanyo wa rangi. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mishahara, hadi elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure Septemba 2019. Maji nayo: mwenye robine nyumbani hulipa ankara, na asiyenayo hununua kwa 'bidon' au hutuma watoto, hasa wasichana, kwenye chemchemi kabla ya kwenda masomo. (Masomo, katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ni jina la shule yenyewe, si la yale yanayofundishwa humo tu.)

Kisha ikaja Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na daraja la Tshopo lilikuwa miongoni mwa mahali palipogombaniwa. Umeme na maji vilikatika. Tathmini ya Umoja wa Mataifa iliyofuata ilitaja raia zaidi ya 760 waliouawa, na shule 69 zilizopigwa kwa makombora. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyote, si vya Kisangani peke yake. Kwa wengi waliokuwapo, siku hizo 6 ndizo kumbukumbu ya maji iliyo karibu zaidi. Mtafiti anayeuliza juu ya shule za miaka ya 1950 ajue kwamba majibu atakayopewa yamepita katika Juni hiyo kwanza.

Sheria na lugha ya mkutano

Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 imeyapa majimbo na maeneo yaliyogatuliwa wajibu ambao zamani ulikuwa wa Kinshasa na Regideso. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inataka umma upewe habari na ushirikishwe. Kwa karatasi, basi, mkazi wa Kabondo au wa Lubunga ana kiti katika mpango wa maji.

Lakini kiti hicho kinazungumza Kifaransa. Ramani, makadirio, taarifa ya athari na muhtasari wa kikao huandikwa kwa lugha rasmi, na lugha rasmi ni ile iliyogawiwa kwa mstari wa 'ville' na 'cité'. Mzee ambaye shule yake iliishia daraja la kawaida ndiye anayejua chemchemi ipi ilikauka, bomba la hadhara la zamani lilisimama kona ipi, na bonde lipi lilifukiwa likajengwa. Ujuzi huo haumo katika ramani. Akiketi kikaoni atasikia sauti tu, na akitafsiriwa atatafsiriwa kwa ufupi.

Hapa Katiba yenyewe inatoa silaha ambayo wasomi wa Kiswahili hawajaitumia ipasavyo. Ibara ya 142 inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha 4 za taifa, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Sheria ya maji imo. Kuitafsiri ni kazi halali ya idara ya lugha, tena si kazi nyepesi, kwa sababu swali la kwanza ni Kiswahili kipi.

Kiswahili cha Kisangani, ambacho Nico Nassenstein alichapisha maelezo yake mwaka 2015, si kile cha vitabu vya Dar es Salaam. Mjini husemwa mayi, si maji. Husemwa robine pale ambapo pwani husema bomba. Neno bomba katika tangazo laweza hata kumpeleka msikilizaji kwenye 'bombe' la Kifaransa, yaani kombora, na huo si mkanganyo mdogo katika mji uliopigwa makombora. Kwa upande mwingine, istilahi kama eneo lote linalomimina mvua yake katika mto mmoja, au maji yaliyojificha chini ya udongo, hazina neno lililozoeleka mitaani. Bonde la mto na maji ya ardhini ni maneno ya Kiswahili sanifu yanayoeleweka yakielezwa mara moja, na hakuna sababu ya kuyaacha. Rai ya makala haya ni kwamba pasiwepo usafi wa lugha wa aina yoyote: robine ibaki robine, 'forage' ibaki 'forage' kwa kuwa kila mtu anaijua, na Kiswahili sanifu kitumike pale tu ambapo mtaa hauna neno lake. Wapo watakaoona huko ni kukidhalilisha Kiswahili. Waulizwe tangazo la kipindupindu linaandikwa kwa ajili ya nani.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, mfano upo Lubumbashi. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa kitabu kiitwacho 'Vocabulaire' cha mji wa Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha mjini humo. Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990. Maandishi yake hayakufuata kanuni za vitabuni, na ilibidi yasomwe kwa sauti na msemaji wa mahali ndipo mipaka ya maneno ionekane. Kama yangetafsiriwa moja kwa moja kwa Kifaransa na asili yake kutupwa, sehemu kubwa ya yale waliyoyasema watumishi hao ingepotea.

Kisangani inastahili kazi ya namna hiyo, na inaweza kufanywa pamoja na kazi ya maji badala ya kusubiri fedha zake yenyewe. Timu inayopita mtaa kwa mtaa kuhesabu chemchemi inaweza kuwa na mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti, akauliza mambo mawili: maji mliyachota wapi, na masomo mlisoma wapi. Majibu yahifadhiwe katika lugha yaliyotolewa, Kiswahili au Lingala au mchanganyiko wa zote mbili, pamoja na jina la mtaa kama lilivyokuwa wakati ule na kama lilivyo sasa. Lubunga ianzwe mapema, maana wanaohesabu hupenda kumaliza ukingo wa kulia kwanza na siku zikaisha kabla ya kuvuka. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1958 sasa anakaribia miaka 80.